Nguruwe Mmoja wa Seneta Marselihno

Katika kisiwa kizima cha Pohnpei, kuanzia gati la Kolonia mpaka vilima vya Kitti ambako mvua ikianza Januari huna haja ya kuuliza itakatika lini, hajawahi kutokea binadamu mwenye misimamo mingi kama Seneta Marselihno. Watu wa kawaida wana msimamo mmoja, wanazeeka nao, wanazikwa nao. Yeye aliibadilisha kama mashati, na mashati alikuwa nayo mengi.

Dada yake mkubwa, Pernihda, aliijua yote, maana kila mmoja ulianzia mezani kwake. Mwaka aliogombea kwa mara ya kwanza, Marselihno alipinga mikia ya bata mzinga inayoletwa kwa meli. Mafuta matupu, alisema, inatuua kwa kisukari! Akachaguliwa. Wiki ya pili mwenye duka mmoja akamwalika chakula cha mchana, na Jumatatu yake seneta akasimama katika Baraza la Jimbo kuitetea mikia ile kama nguzo ya uchumi. Muhula wa pili alitaka barabara ya lami ifike kila mlango. Wavuvi wakamlisha jodari siku tatu mfululizo, akagundua kwamba lami inawatisha samaki. Pernihda alikuwa akimwambia mumewe, Tamasio, kwamba Baraza lina kamati nyingi, lakini yenye nguvu kuliko zote ni tumbo la mdogo wake.

Msimamo mmoja tu ndio uliokataa kuyeyuka. Aliurudisha kutoka kwenye semina huko Honolulu, pamoja na tai nyekundu ambayo aliivaa hata mvuani, ikawa inamchuruzikia rangi kifuani kama mtu aliyepigwa risasi. Uliitwa Mswada wa Mazishi Mafupi. Mazishi yawe ya siku moja badala ya nne. Nguruwe awe mmoja. Sakau, ile mizizi inayopondwa juu ya jiwe bapa mpaka itoe maji mazito ya kutuliza mwili, isiguswe siku ya kazi. Kwa hesabu zake, kisiwa kilikuwa kimepoteza msibani saa za kutosha kujenga uwanja wa ndege wa pili. Hakuna aliyemwuliza uwanja huo ungejengwa wapi.

Wiki tatu kabla ya uchaguzi, mama yao, Katalihna, akafariki.

Alifariki Jumanne asubuhi, rozari mkononi, akiwa amefika fumbo la tatu. Pernihda alimfumba macho, akayamalizia mafumbo mawili yaliyobaki kwa niaba yake, ndipo akalia. Miaka sitini mama yule hakukosa msiba hata mmoja wa wilaya. Alikwenda kwa miguu, kikapu cha majani ya mnazi kichwani, na hakuingia nyumba ya watu mikono mitupu. Sasa ilikuwa zamu ya watu kuja kwake. Pernihda alitaka jambo moja tu duniani: mama yake asindikizwe kama yeye alivyowasindikiza wengine.

Marselihno alifika na karatasi. Hakika alikuwa amelia, macho yalikuwa mekundu kuliko tai, lakini karatasi ilikuwa imepigwa chapa. Misa saa mbili. Kaburini saa nne. Chakula saa sita. Saa nane kila mtu kwake.

"Lihno," Pernihda alimwambia, "huyu ni mama. Si kifurushi cha posta."

"Dada, nami naumia. Lakini nikimzika mama yangu kwa siku nne, nguruwe kumi, nani ataukubali mswada? Watasema seneta anawafunga wengine kamba, yeye mwenyewe haimgusi."

"Na wakisema seneta kamzika mama yake kama kuku?"

Marselihno alichukua funguo za gari. Yeye ndiye mtoto wa kiume pekee, neno la msiba lilikuwa lake. Akaingia kwenye gari, akaenda Kolonia kwenye redio ya jimbo, mahali pa kutangazia vifo.

Pernihda alimsikiliza akiwa jikoni. Mdogo wake alizungumza kwa sauti nzuri, nzito, yenye kutetemeka pale pa kutetemeka. Alisema familia ina nguruwe mmoja, si mkubwa. Viazi vikuu ni vichache na vyembamba. Sakau haipo. Aliwaomba ndugu na majirani wasijisumbue kuja na chochote, na wenye kazi zao waende tu kazini, kwa kuwa shughuli yenyewe ni ndogo, ya saa chache.

Pernihda alizima redio, akapiga magoti palepale kwenye majivu. Alimwomba Mungu ayazibe masikio ya watu kwa mvua, wasiwe wamesikia.

Mungu hakulijibu ombi hilo. Watu walisikia kila neno.

Saa haikupita, akaja Yosko, jirani, mwanamke ambaye habari humfikia kabla haijatokea. Alikuja analia, maana alimpenda marehemu, ila katikati ya machozi alikuwa anatabasamu kwa namna ambayo Pernihda hakuielewa.

"Mdogo wako amekua," Yosko alisema. "Sikujua kama ana adabu namna ile. Nguruwe mmoja! Shoga, niambie mimi peke yangu. Wako wangapi?"

Hapo ndipo Pernihda alipokumbuka mdogo wake alikuwa anazungumza na watu gani.

Maana huku kwetu mtu hajisifu kwa chakula. Mwenye kiazi kikuu cha kubebwa na wanaume kumi husema ameleta kamzizi. Mwenye nguruwe ishirini huwaomba wageni radhi kwamba hana kitu, na mwenye karamu ya wiki nzima huwaambia ni chai tu. Tamasio, mume wa Pernihda, alikuwa na shamba la viazi ambalo mkewe mwenyewe hajaoneshwa kwa miaka ishirini na sita ya ndoa takatifu. Kadiri mtu anavyojishusha ndivyo wageni wanavyojaza vikapu vikubwa vya kumletea, wasije wakaaibika mbele ya karamu yake. Na tangu redio ile ianze kutangaza, hakuna aliyekuwa amejishusha kama Marselihno. Mkubwa mzima! Tena na kuwazuia watu wasije! Ni nini alichokificha kule nyuma ya nyumba?

Pernihda alikuwa mcha Mungu. Uongo hakuuweza.

"Ni mmoja tu, Yosko," alisema. "Nimemwona kwa macho yangu. Na amekonda."

Yosko alishika kifua. "Hata wewe?" akanong'ona, akatoka mbio kwenda kuwaambia wengine.

Alhamisi asubuhi Misa ilikuwa haijaisha gari la kwanza lilipoingia uani. Lilikuwa limebeba nguruwe wanne. La pili likawa na sita, na juu yao shangazi wawili wamekalia magunia ya mchele. Watu wa Madolenihmw wakaja, wa Uh wakaja, wa Sokehs wakaja na mimea mizima ya sakau ikiwa na mizizi yake na udongo wake, imebebwa mabegani kama machela. Msururu wa magari ulifika mpaka darajani, na polisi aliyetumwa kuuongoza aliegesha pikipiki, akafungua kiti, akatoa shelisheli mbili alizotumwa na mama yake.

Marselihno alisimama katikati ya njia, mikono juu, tai imelowa.

Aliwaambia warudi. Aliwaambia hakuna karamu. Watu walimshika mkono kwa heshima, wakampita. Alipaza sauti kwamba nguruwe ni mmoja, jamani, kweli kabisa, na mzee mmoja wa Sokehs akamwambia mwenzake kwamba siku hizi vijana wenye nidhamu hiyo hawapo tena. Mwishowe seneta akaona awaoneshe ushahidi. Akaenda kumfungua nguruwe wake, akamvuta kwa kamba mbele ya umati. Alikuwa nguruwe mwembamba, mwenye aibu, anayeangalia chini.

Umati ukamtazama nguruwe. Ukamtazama seneta. Kisha watu wote, kwa pamoja, wakanyoosha shingo kutazama nyuma ya nyumba.

"Dada, waambie," Marselihno alisema.

"Nimeshawaambia," Pernihda akajibu. "Ndiyo maana wamejaa."

Kisha ukatokea ukelele kutoka upande wa shamba. Tamasio alikuwa anakuja. Nyuma yake walifuata wanaume kumi na wawili wenye miti mabegani, na kwenye miti kilining'inia kiazi kikuu kirefu kama mtumbwi, chenye manyoya na matawi, kitu cha kumfanya mtu ajiulize kilikuwa kinaota kuelekea nchi gani. Pernihda alikikodolea macho. Miaka ishirini na sita! Tamasio alipita mbele ya mkewe, akainamisha kichwa, akasema ni kakitu kadogo kwa ajili ya mama mkwe, asamehewe.

Pernihda alilia hapo kuliko alivyolia tangu Jumanne, na alikuwa anacheka.

Walimzika Katalihna saa kumi badala ya saa nne, maana waombolezaji hawakutosha makaburini mpaka wale wa mbele wasogee. Padri alipokuwa anabariki kaburi, nyimbo zilianzia kilimani na kumalizikia barabarani, kila kundi na sauti yake. Marselihno alikuwa ameshika karatasi ya ratiba. Pernihda alimwona akiikunja mara mbili, mara nne, akaitia mfukoni, akaegemea bega la dada yake, akalia kama mtoto wa miaka sita. Kwa muda ule hakuwa na msimamo wowote.

Lakini seneta ni seneta. Ilipofika siku ya pili, nguruwe wameokwa kwenye mawe ya moto, harufu imefika baharini, na chifu mkuu ameketi mahali pake katika banda la karamu, Marselihno alijipangusa uso, akafunga tai upya. Alimnong'oneza dada yake kwamba atasimama na kuwaeleza wazi. Kura haziombwi kwa kunyamaza. Mswada ni mswada.

Ila kabla ya mtu kusema katika banda lile, hunywa. Kikombe cha kifuu cha sakau kikamfikia, na kikombe hicho hakikataliwi. Kikarudi mara ya pili. Mara ya tatu. Sakau ya Sokehs haina mchezo, inaanza na midomo. Alipoinuka kuhutubia, Marselihno alikuwa na hoja saba kichwani na midomo ambayo haikuwa yake tena. Alisema, "Mse... mswa..." akatabasamu kwa upole mkubwa, akakaa.

Banda lote likapumua kwa sifa. Hata kwenye msiba wa mama yake, hakutaka kujionesha!

Msemaji wa chifu alisimama. Alikuwa mzee wa maneno machache na kila neno alilipima. Alisema wilaya imemsikia seneta kwenye redio. Imekuja, imejionea. Kuhusu ule mswada wa nguruwe mmoja, wazee walikuwa wameusikitikia mwanzoni, wakadhani kijana anamaanisha. Sasa wameelewa kwamba alikuwa anajishusha tu kwa niaba ya kisiwa kizima, na wanamshukuru, na jambo zuri kama hilo halina haja ya kuandikwa kwenye sheria. Maseneta wanne waliokuwa wameahidi kuuunga mkono, kila mmoja akiwa ameketi kando ya nguruwe aliyemleta, waliitikia kwa vichwa.

"Kwa unyenyekevu huu," msemaji akamalizia, "chifu mkuu anakupandisha cheo cha ukoo. Simama upokee."

Walimvika shada la maua kichwani. Alisimama akiyumba, taratibu, kama mnazi. Lilikuwa jambo kubwa. Baba yao aliingoja heshima kama ile maisha yake yote, hakuipata. Pernihda alipiga makofi mpaka viganja vikamuuma, huku akimsimulia mama yake yote kimoyomoyo. Siku zilikuwa nne kamili, na ya tano watu walibaki kwa sababu ya mvua.

Uchaguzi alishinda kwa kura nyingi kuliko alizowahi kupata. Mswada aliuondoa mwenyewe. Waandishi walipomwuliza, alisema mazishi ya siku nne yamekuwa msimamo wake tangu utotoni.

Sasa, cheo huku kwetu hakipokelewi bure. Anayepewa humfanyia chifu karamu ya shukrani, yeye na nyumba yake, kabla Krismasi haijafika. Jumapili ya pili baada ya uchaguzi, Misa ilipomalizika, Yosko alimkamata seneta kwenye ngazi za kanisa, mbele ya kina mama wote wa chama cha kanisa, akamwuliza kwa adabu kabisa karamu hiyo itakuwa na nguruwe wangapi.

Marselihno alifungua mdomo.

Pernihda, aliyekuwa nyuma yake, aliona shingo ya mdogo wake ikianza kutoa jasho. Akisema wawili, kisiwa kizima kitakuja na visiwa vya jirani. Akisema hamsini, ataitwa mwenye majivuno na wazee watamnyang'anya cheo kabla hajakizoea. Akisema kweli, alikuwa ameshaona inavyokuwa mtu akisema kweli.

Akaufunga mdomo. Akaangalia mbinguni, akaangalia viatu. Kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya siasa, seneta hakusema kitu. Akaingia kwenye gari.

Yosko aliwageukia wenzake, macho yamemtoka.

"Hata kutaja ameshindwa," alisema. "Hao ni mia."

Akamtazama Pernihda, apate hakika. Pernihda alitamani sana kuzungumza, akauma midomo, akaukaza mtandio wake kichwani.

"Mia mbili," akasema Yosko.