Shimo Lisilojaa

Jumatatu, 4 Machi
Daktari anasema moyo umechoka, nisiubebeshe siri. Basi naandika. Shimo langu la choo halijai kwa sababu lina bomba linalokwenda kwenye mtaro wa maji ya mvua. Mvua ikikolea, nafungua koki. Mtaro unachukua kila kitu. Mwalimu mkuu mstaafu, jirani yangu, kila mara huita gari la kunyonya majitaka, mtaa mzima ukaziba pua. Huniuliza siri yangu. Humjibu: nidhamu.

Aibu zaidi: sheria ndogo ya majitaka ya mji huu niliiandika mimi, nilipokuwa mwanasheria wa halmashauri. Vifungu vimenyooka kweli.

Jumanne, 5 Machi
Balaa. Mkwe wangu, mjane wa mwanangu, ameomba kibali cha kufungua dobi uani. Ameshaacha kazi, mashine zimeshafika. Kesho ofisa mazingira anakuja kukagua. Mkwe kanisihi: Baba, kesho usiongee sana. Nimeudhika.

Mpango: mkeka juu ya mfuniko wa koki, kiti juu ya mkeka, mimi juu ya kiti, blanketi magotini. Nani atamwinua mzee mgonjwa?

Jumatano, 6 Machi
Ofisa ni binti mdogo mwenye buti kubwa. Kaniamkia, shikamoo babu. Nikaitikia kwa sauti ya mtu anayeaga dunia. Kakagua shimo. Kakagua mashine. Kalamu imeshagusa karatasi. Ndipo akamweleza mkwe kwamba, kwa kifungu cha tisa, mkaguzi hutazama mifuniko iliyo wazi tu.

Iliyo wazi tu? Nikavumilia. Nikakohoa. Nikashindwa. Nikamwambia, mwanangu, umesoma nusu. Kifungu kinaendelea: mkaguzi ataondoa mkeka, samani au kitu chochote kilichowekwa juu ya mfuniko. Nikamwonyesha hata mkato unakaa wapi.

Akanishukuru. Akautazama mkeka. Samahani babu, akasema, tukusogeze kidogo. Nikasingizia magoti. Wakaninyanyua na kiti changu, yeye huku, mkwe kule, kama kabati linalohamishwa.

Alhamisi, 7 Machi
Hakuna kibali mpaka bomba lizibwe kwa zege. Chai ya mkwe imekuja baridi, bila sukari. Mwalimu mkuu kaja kunipa pole, akauliza ile nidhamu inauzwa duka gani. Kacheka mpaka kofia ikamdondoka. Sikuiokota.

Ijumaa, 8 Machi
Fundi kaziba. Ofisa kaligonga zege kwa buti, karidhika, kasaini. Mkwe akalia. Akasema: Baba, nimekusamehe, lakini wakinifungia nitakula nini? Nikaapa sitarudia. Nikalia na mimi. Fundi akatazama pembeni. Ndiye aliyelitega bomba la kwanza.

Jumapili, 10 Machi
Dobi imejaa mashuka ya watu. Mkwe anaimba. Kaniuliza tutaita gari la kunyonya lini, maana mashine zinamwaga maji mengi. Nimemwambia asiwe na haraka.

Moyo mwepesi. Nimeungama, nimesamehewa. Kimebaki kijambo kimoja, nakiandika nife kwa amani. Kabla ya kumwaga zege, fundi alilichepusha bomba kwa ombi langu. Koki mpya iko chini ya kitanda changu. Kwa kifungu cha kumi na moja, mkaguzi haruhusiwi kuingia chumba cha mgonjwa; nacho nilikiandika mimi. Leo asubuhi mvua imenyesha vizuri, nami nimefungua koki.