Babu Yetu Hakufa kwa Teke la Punda

Kilbrannagh,
Kaunti ya Leitrim,
Jumanne, baada ya misa.

Kwa Msajili wa Vizazi, Ndoa na Vifo.

Mheshimiwa Msajili,

Nakuandikia kwa heshima zote, pamoja na zile ambazo ofisi yako bado haijazistahili.

Mimi ni Attracta McKeon, mjukuu wa Sabina Gilrane, aliyekuwa binti wa Bartholomew Gilrane. Huyo Bartholomew kijiji kizima kinamwita Babu Batty. Tangu nipate akili nimeambiwa kwamba aliuawa kwa risasi mlimani, wakati wa vita vya kumtoa Mwingereza, akiwakinga wenzake ili wakimbie. Ana wimbo wake, unaimbwa baa ya Mulhern kila Jumamosi, na katika ubeti wa saba hata askari aliyempiga risasi analia. Jumapili hii tunamzindulia jiwe la kumbukumbu. Binamu yetu Loretta anakuja kutoka Boston na jamaa wa kujaa basi, wote wamejiandaa kulia.

Ni Loretta aliyetaka tarehe kamili ya kifo. Nami kwa ujinga wangu nikaenda kuitafuta katika madaftari yenu ya zamani, ambayo mmeyatandaza mtandaoni bure, hata mlinzi hamkuweka. Nikamkuta. Jina ni lake, kijiji ni chake, mwaka ndio wenyewe. Na kwenye safu ya chanzo cha kifo karani wenu ameandika, kwa mwandiko mzuri wa kuudhi: "Teke la punda. Siku mbili. Haikuthibitishwa na daktari."

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kama daktari hakuthibitisha, ninyi mnathibitisha kama nani? Wimbo wetu umethibitishwa na baa nzima, tena mara nyingi. Nilipomwonyesha kaka yangu Fergal ile picha ya daftari, aliisoma akiwa anatafuna mkate, akaniambia, "Dada, babu yetu si wa kwanza kuuawa na punda. Ila ndiye wa kwanza kuimbiwa." Hajawahi kuwa na msaada mtu huyu.

2. Mheshimiwa, ukweli mmeanza lini? Bibi yangu Sabina alipozaliwa, baba yake alichelewa kumwandikisha, na aliyechelewa alitozwa faini. Basi akaisogeza mbele tarehe ya kuzaliwa, kama walivyofanya wanaume wote wa hapa, na karani wenu akaiandika bila kupepesa jicho. Matokeo yake ni kwamba kwa makaratasi ya kanisa Sabina alibatizwa Januari, na kwa makaratasi yenu alizaliwa Machi. Mtoto aliyebatizwa kabla ya kuzaliwa mlimkubali. Risasi moja tu ndiyo iliyowashinda kuandika?

3. Aliyeleta taarifa ya kifo ni Honor Heneghan, "alikuwepo wakati wa kufa," na chini yake ameweka alama ya msalaba kwa kuwa hakujua kuandika. Sisi na akina Heneghan hatujasalimiana tangu enzi za mabibi, kwa sababu ya mtaro wa mpakani. Ushahidi wa Heneghan juu ya Gilrane haupokelewi hapa hata kuhusu hali ya hewa. Tena mjukuu wa huyo Honor, Malachy, naye ameliona daftari, maana mlango mmeuacha wazi kwa kila mtu. Jumapili iliyopita, nilipokuwa napeleka sadaka mbele, alilia kama punda. Kwa sauti ya chini, lakini kwa ustadi. Padri alilazimika kugeukia ukutani.

4. Nilimwendea fundi wa jiwe nikamwomba alifute neno "risasi". Akasema, "Mama, hili ni jiwe, si ubao wa shule."

La tano linamhusu mama yangu Concepta, na kejeli nitaiweka kando kidogo. Ana miaka themanini na tisa na wimbo ule ndio aliolelewa nao. Nilimsomea daftari nikitegemea atapiga meza. Aliiacha chai yake ikapoa. Kisha akauliza, "Siku mbili. Aliumia hivyo siku mbili. Nani alikuwa naye?" Nikamwambia, ni Honor Heneghan. Akasema, "Basi hakuwa peke yake." Tangu siku hiyo anamsalimia Malachy barabarani, na Malachy hajui la kufanya na mikono yake. Sasa nimebaki na ugomvi huu peke yangu, na mtaro ni mrefu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Neno "punda" lifutwe, liandikwe "risasi". Kama sheria haikuruhusu, basi iongezwe kwamba punda huyo alikuwa akilitumikia jeshi la Mwingereza na alipiga teke kwa amri. Kama na hilo ni zito, fungeni madaftari yote ya nchi nzima mpaka Loretta apande ndege ya kurudi Boston. Mkisema watu watalalamika, waambieni kila ukoo wa Ireland una punda wake humo ndani, na kukaa gizani kutatufaa sote.

Mama anakusalimu. Fergal anakusalimu kwa namna isiyoandikika. Wape salamu makarani wote, isipokuwa yule mwenye mwandiko mzuri, ambaye nadhani alishafariki. Nawe bila shaka umeandika kwa nini.

Wako mtiifu, kwa wakati huu,
Attracta McKeon

N.B. Nilikuwa nimetoka kutafuta stempu. Niliporudi nilimkuta Fergal mezani na ile picha ya daftari, akanionyesha safu niliyoiruka: hali ya ndoa. Imeandikwa "mseja". Babu Batty alikuwa na mke na watoto sita. Kumbe Bartholomew Gilrane walikuwa wawili kijijini, na yule wa teke si wetu. Wetu tumempata saa hii kwenye madaftari ya Waingereza: alifariki Liverpool, kitandani, akiwa na miaka themanini na mitatu, baada ya kufunga ndoa ya pili kanisani akijiita mjane, wakati mkewe, bibi yetu mkubwa, yuko hapa mzima anakamua ng'ombe.

Nafuta malalamiko yote. Tafadhali msiguse kitu. Na kama kuna ukoo mwingine utakaokuja kumdai yule mseja, waambieni amekwisha kuchukuliwa. Mama anamtaka, na Malachy amekubali kuja Jumapili. Fundi naye amekubali kuchonga jiwe jipya. Anauliza tu masikio ya punda yawe marefu kiasi gani.