Kichwa Kisicho na Pua

Lundo la udongo mbele ya baa ya Bi Remei lilimfanya Baldiri asimame, avue kofia na kuliinamia kwa heshima ambayo watu wengine humwekea maiti. Mjini Tarragona, palipojengwa juu ya magofu ya Waroma wa kale, udongo mbichi si jambo la kupuuzwa. Ukichimba shimo la kupanda nyanya, utakutana na Mroma. Na ukikutana na Mroma, wataalamu wa mambo ya kale watazungushia kamba shimo lako, na kazi itasimama hadi wajukuu wako waote ndevu.

"Unachimba nini, Bi Remei?"

"Choo cha pili. Bila hicho sipewi kibali cha kuuza vinywaji kwenye sikukuu ya Mtakatifu Tekla. Kunywa uende zako."

Baldiri alikunywa vermuti yake, ile divai ya mitishamba, lakini hakwenda zake. Bwana huyu alikuwa msanii. Nyumbani kwake alifinyanga vichwa vya Waroma kwa jasi, akavizika kwenye samadi wiki mbili vizeeke, kisha akavivunja pua kwa nyundo ndogo, maana Mroma mwenye pua hanunuliki. Alikuwa na sheria moja, aliyoishika kuliko sala: jiwe la kweli haligusi. Kwa vichwa vya jasi, jaji alikuwa amemkaripia mara mbili na kumwachia. Lakini alimwapia kwamba siku atakayokamatwa na marumaru ya kale, atakula miaka minne gerezani.

Bi Remei alipogeuka kukaanga ngisi, kichwa kimoja cha jasi kilitoka mkobani mwa Baldiri kikashuka shimoni taratibu, kama mzee aingiaye kitandani.

Kesho yake alirudi na kigari cha mizigo na uso wa kanisani.

"Nasikia fundi kagonga kitu," alinong'ona.

Bi Remei akatazama mlangoni. "Nani kakwambia?"

"Ee mama, mji huu hata paka ni wapelelezi. Ni kichwa?"

"Kichwa. Cha mwanamke. Hana pua, masikini."

"Hiyo ni miaka mitatu ya kamba. Sikukuu utaila kwa jirani."

"Usinitishe, nina presha."

"Nakiondoa leo hii, nakitupa baharini, hakuna aliyeona. Mimi nataka vermuti ya bure tu, mpaka Krismasi."

"Mpaka Krismasi?"

"Ya mwaka kesho."

"We mtu ulizaliwa ndani ya pipa?"

Hata hivyo alikubali, tena upesi, jambo ambalo lingemshtua tapeli mwenye unyenyekevu. Kichwa kilikuwa kimekwisha kuviringishwa katika blanketi na kufungwa kamba. Baldiri alipokiinua, mgongo ulimlia.

"Mbona kizito hivi?"

"Jiwe hilo, mwanangu. Ulitaka liwe jepesi?"

Baldiri hakuweza kueleza kwa nini alitaka liwe jepesi. Akajijibu kimoyomoyo kwamba jasi imekunywa maji ya shimoni, akasukuma kigari, si kuelekea baharini, bali kwenye magofu ya uwanja wa michezo, ambako watalii hununua chochote kilichokosa pua.

Sajini Coloma wa polisi alimsimamisha kabla hajafika.

"Leo umebeba nani?"

"Mke wa Kaisari, afande. Jasi tupu, nimemfinyanga mwenyewe. Kwangua uone."

Coloma akamfungua mke wa Kaisari, akakwangua kwa kisu. Jasi humwaga unga mweupe. Kichwa hiki hakikumwaga kitu. Akakwangua tena, kisha akaagiza aletwe Queralt, mtaalamu wa mawe ya kale. Mama huyo alipiga magoti, akakishika kichwa kwa mikono miwili.

"Nani kafanya kazi hii?"

"Mimi," alisema Baldiri. "Na pua nimeivunja mwenyewe, Jumanne."

"Basi hongera, umetunza ujana. Marumaru hii ina miaka elfu moja na mia tisa."

Ndipo Baldiri, kwa mara ya kwanza tangu ubatizo wake, aliposema ukweli mtupu: jasi, mkoba, shimo, vermuti. Aliusema kituoni kwa siku tatu mfululizo, kwa machozi, na ukweli wake ulifanana mno na uongo wa mwanafunzi wa darasa la pili. Siku ya nne, Coloma aliyechoka kuusikia alimpeleka kwenye baa.

"Kichwa?" Bi Remei alishangaa. "Afande, hapa kuna choo. Ukitaka kukagua, pita, vuta mnyororo."

Sajini akapita, akafunga mlango.

"Chako nilikuona kwenye kioo ukikidumbukiza," Bi Remei alinong'ona. "Fundi kakikanyaga, kikasagika. Nikakupa changu, cha kweli, kilichotoka shimoni. Wiki nzima kilikuwa chini ya magunia ya viazi, usingizi sipati."

"Bi Remei, nitafungwa."

"Ama wewe, ama baa yangu. Uliniuliza mimi kabla ya kuleta chako?"

Maji yalinguruma ukutani. Sajini Coloma akatoka akirekebisha mkanda, uso wake umejaa utulivu wa mtu aliyekamilisha uchunguzi.

"Kinafanya kazi," alisema, akamfunga Baldiri pingu.