Wahandisi Kumi na Wanne wa Bangalore
Zamoyoni alikuwa hajamaliza supu yake pale Kagongwa alipowasikia wanunuzi wawili wa mpunga, meza ya nyuma, wakimzungumzia Mama Raudha wa Kharumwa, mnunuzi wa mawe ya dhahabu. Wachimbaji walikuwa wanamsumbua kila siku kwamba mifuko yao ya mawe ikishaingia kwenye yadi yake inapungua, na sasa alikuwa anatafuta watu wa kumtengenezea mfumo wa kompyuta wa kuihesabu. Mmoja akaongeza, huku akicheka, kwamba huyo mama hata kuiwasha kompyuta hajui. Zamoyoni akaisukuma supu pembeni. Mtu anayetaka kununua kitu asichokijua, na uwezo anao, ni riziki iliyoshushwa, na Zamoyoni hakuwa mtu wa kuikufuru riziki.

Alikuwa na vitu viwili duniani: ulimi na gari, Harrier nyeusi. Ulimi aliurithi kwa baba yake. Harrier aliitafuta mwenyewe, na aliipenda kuliko alivyowahi kumpenda binadamu yeyote, mkewe wa zamani akiwemo. Akishuka kwenye bodaboda alikuwa kijana wa Kahama mwenye begi. Akishuka kwenye Harrier alikuwa Mkurugenzi, na watu walimvutia kiti.

Rafiki yake Deusdedit, mwenye duka la fotokopi karibu na stendi ya Kahama, alipata programu ya kutunza kumbukumbu za kuku wa mayai. Kila alipoona neno kuku akalifuta, akaandika mawe. Kazi ilichukua siku mbili, na moja kati ya hizo umeme haukuwepo. Kisha akachapisha karatasi nzuri ya rangi yenye picha za wahandisi kumi na wanne walioko Bangalore, India, wote wakitabasamu, wote wameshushwa mtandaoni bila wenyewe kujua kwamba wamepata ajira.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kiti."

Mama Raudha alikaa chini ya kibanda cha mabati katikati ya yadi, khanga begani. Upande mmoja alisimama Rhoda, karani wake wa mizani, na upande wa pili Maduhu, msimamizi wa yadi, mtu wa maneno machache. Mama aliigeuza ile karatasi ya picha, akaitazama hadi nyuma.

"Hawa vijana wako wa Bangalore, naweza kuongea nao?"

"Saa hizi wamelala, mama. Kule ni usiku."

Ilikuwa saa nne asubuhi, na Bangalore ilikuwa saa sita na nusu mchana.

"Basi nina mtu wangu Geita anayajua mambo haya. Nimwite awaulize maswali mawili matatu, waonyeshe kazi yao?"

Zamoyoni aliweka mkono kifuani kama aliyepokea habari ya msiba. "Hapo utaniumiza, mama yangu. Hawa wamejenga mifumo hadi Dubai. Wakisikia kuna mtu analetwa kuwapima, watasema huyu mteja hatuamini, na wataondoka. Wewe ukienda hospitali, unamdai daktari vyeti? Biashara ni kuaminiana. Watu wa heshima hawapimani."

Ikumbukwe kwamba alikuwa anamweleza haya mwanamke ambaye kwa miaka ishirini hakuwahi kununua mfuko mmoja wa mawe bila kupiga sampo: unachomoa jiwe la chini kabisa mfukoni, unalitwanga kwenye kinu cha chuma, unaliosha kwenye karai mbele ya wote, na mnatazama pamoja kilichobaki. Lakini mawe ni mawe. Kompyuta ina mwanga na rangi, na mbele ya mwanga na rangi wamelainika hata wasomi wenye bodi na wanasheria wao. Kwa hiyo tusimcheke mama wa watu.

"Maneno mazito hayo," alisema Mama Raudha taratibu. "Watu wa heshima hawapimani. Rhoda, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Zamoyoni alimwachia Rhoda kompyuta auzoee mfumo, naye akaenda kula wali na sato kwa raha zake. Aliporudi, mama alikuwa mkunjufu zaidi.

"Mfumo tumeupenda, baba. Tatizo langu moja, pesa yangu yote imelala kwenye mawe. Nikulipe kwa mifuko sitini ile pale?"

Kulipana kwa mawe ni jambo la kawaida huko, hata mama ntilie hulipwa hivyo. Lakini macho ya Zamoyoni yalikuwa yameshaivuka ile mifuko sitini. Nyuma yake palikuwa na rundo lingine, mara tatu yake, limefunikwa turubai. Maduhu naye alilitazama turubai, akahema kwa uchungu. Zamoyoni, ambaye maisha yake yote alikula kwa kuhema mahali panapostahili, aliamini kabisa kwamba amesikia siri ya mtu.

"Na lile la nyuma, mama?"

"Lile silitoi, mwanangu. Labda aje mtu na kitu kizito."

Zamoyoni aliitazama Harrier yake, na roho ilimuuma kwelikweli. Kisha akapiga hesabu ya gramu, akaona Harrier tatu.

"Na gari je?"

Mama alifikiri kidogo. "Maduhu, lete kinu na karai, mgeni apige sampo." Mara akajipiga paja. "Astaghfirullah! Nisamehe, baba. Nilitaka kukutukana mbele za watu."

Yadi nzima ilimgeukia Zamoyoni.  Kuomba karai ilikuwa ni kumruhusu yule mtu wa Geita aje.

"Hawapimani, mama," alisema, akatoa ufunguo.

"Wabeja," Maduhu alishukuru kwa Kisukuma, akaupokea.

Deusdedit aliuza mashine yake moja ya fotokopi ili kukodi malori na kulipia karasha la kusagia mawe la mzee Bujiku. Mawe yalisagwa siku tatu. Siku ya tatu mzee Bujiku aliwaita, akainamisha karai juani ili waone vizuri. Hakukuwa na chochote.

"Haya ni magwangala, vijana wangu," alisema kwa huruma. "Mawe ya kutupa. Sisi tunafukia nayo mashimo ya barabarani."

Zamoyoni alirudi Kharumwa kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye kope. Harrier ilikuwa imeegeshwa kibandani, viti vya nyuma vimeng'olewa, mifuko ya saruji imejaa hadi dirishani. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

"Mama, yale ni magwangala!"

"Ndiyo, baba."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Mimi niliuliza, ukanikataza. Ila ulipokwenda kula, Rhoda aliweka kandambili zake kwenye mizani, akauingiza uzito kwenye mfumo wako. Ukamjibu gramu tisa za dhahabu, na mayai manne yamepasuka."



"Basi turudishiane," alisema Zamoyoni. "Nipe gari, nichukue mfumo wangu niondoke."

"Mfumo siutoi."

"Wa nini, mama? Si umeshajua haufanyi kazi?"

"Nani kakwambia haufanyi kazi?"

Alimwelekeza kwa kidevu kwenye mizani, mwisho wa yadi. Wanaume watatu wenye viatu safi, wageni kutoka Mwanza, walikuwa wamemzunguka Rhoda na kompyuta. Pembeni yao lilikuwa rundo jipya la mifuko, la mawe yaleyale. Rhoda alibonyeza, na namba kubwa za kijani zikajaa kwenye kioo. Ukurasa wa mayai alikuwa ameshaufuta. Mgeni mmoja akauliza kama wanaweza kupiga sampo kwanza. Mkubwa wao akamtazama kwa aibu.

"Sampo ya nini, na kompyuta ipo?"

Wakaanza kufungua mkoba wa pesa.

Zamoyoni alisimama na helmeti ya bodaboda mkononi, na kilichomuuma sasa hakikuwa gari tena. Katika maisha yake yote alikuwa ameuza kitu kimoja tu kilichomfaa mteja, ule mfumo wa kuku, na siku ya kukiuza yeye mwenyewe alikiona takataka. Hakuwa amewahi hata kukijaribu.