Springi ya Kijapani

Awadhi aliuona utajiri wake siku alipomkuta mzee mmoja wa Ruponda akikaza plagi ya mashine ya kupulizia mikorosho, spana kwa mikono miwili, mguu juu ya injini, kama mtu anayeng'oa kisiki. Huku kwetu kitu kisipolia hakijakaza. Nayo injini ile ni ya aluminiamu, laini kama muhogo uliochemka. Ka! Uzi wa tundu, ile mikato inayoishika plagi, ukalika wote, plagi ikabaki inazunguka tu, haishiki mbele wala nyuma.

"Pole, babu," alisema Awadhi, moyo ukimchezea ngoma.

Akafungua meza sokoni Nachingwea. Juu yake aliweka mashine yake ya maonyesho. Hiyo fundi wa kweli, huko Masasi, alikuwa ameipanua tundu, akachonga uzi mpya, akazamisha springi ya chuma ili plagi ing'ate humo. Ilinguruma kutwa.

"Springi ya Kijapani! Aluminiamu itachakaa, springi itabaki!"

Na hapo hakudanganya. Uongo ulianzia kwenye mashine za wateja. Humo alizamisha springi ya kalamu ya kubonyeza, akapaka gundi, akapangusa kwa kitambaa safi. Kitambaa kilikuwa safi kweli. Tumpe haki yake. Gundi nayo ilishika mpaka injini ipate moto, yaani mpaka mteja afike shambani, mbali na meza.

Letisia wa Matambarale alikuwa katikati ya mikorosho yake plagi iliporuka na kumpita sikioni. Maua yalikuwa yamechanua, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, umeanza kuyapaka unga. Asipoyapulizia dawa ya salfa siku hizo, mwaka mzima angevuna majani. Akaiokota plagi. Kwenye ncha ilining'inia springi aliyoifahamu vizuri, maana yeye ni katibu wa kwaya, na kalamu ndiyo jembe lake la pili.

Hakulia. Alikwenda mazoezini, akaimba, kisha akasema na wenzake.

Wakati huo Nachingwea palikuwa pameanza kumchoma Awadhi miguu, kwa hiyo meza ikahamia Ruangwa. Asubuhi ya kwanza tu, foleni! Watu wamebeba mashine kwenye viroba, nyuso za msiba. Mbele yao Letisia.

"Fundi, kazi yako niliipenda," alisema, akiitua mashine yake. "Ila plagi imelegea kidogo. Hiyo ya kwako mbona inanguruma vizuri? Springi si ileile?"

"Ileile, mama! Mapacha, tumbo moja!"

"Basi tubadilishane."

Awadhi akaivuta mashine yake karibu. "Aa, mama yangu, kila mashine na mwenyewe..."

"Heee!" ilitoka sauti nzito kwenye foleni. Ni mkulima mmoja, Kornel, kifua kama pipa. "Anaikimbia kazi ya mkono wake! Jamani, bebeni viroba tuondoke."

Awadhi akapiga hesabu ya haraka. Kupaka gundi upya ni kazi ya kufumba na kufumbua. Foleni ile ni pesa ya msimu mzima. Mvuvi gani anakililia chambo?

"Chukua, mama! Mimi ni mtu wa watu."

"Tuandikiane, kesho usije ukaniita mwizi."

Awadhi akachomoa kalamu mfukoni. Akabonyeza; haikuitika. Akachomoa ya pili, ikalala. Ya tatu nayo ikamtazama tu. Foleni nzima ikageuka kuangalia mawingu, kwa adabu kubwa. Letisia akamwazima yake. Awadhi akaandika, akatia sahihi.

"Hii narudi nayo, fundi," alisema Letisia, akiichukua taratibu. "Springi yake bado imo."

Akaibeba mashine ya maonyesho mgongoni, akashika njia.

Tabasamu la Awadhi lilikauka usoni kama chapa. "Haya... wa kwanza! Lete mgonjwa."

Kornel akafungua kiroba, akavuta kamba mara moja. Mashine ikaunguruma besi. Wa pili akavuta, wa tatu, mpaka wa mwisho. Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zimekaa mahali pake. Hakukuwa na mgonjwa hata mmoja. Kwaya nzima ikamfuata katibu wake kwenda kuyawahi maua.

Vumbi lilipotulia, mzee mmoja akasimama mezani, mashine begani.

"Mwanangu, nasikia una springi ya Kijapani?"

Kwa mara ya kwanza tangu afungue meza, Awadhi alimjibu mteja ukweli mtupu.

"Nilikuwa nayo, babu. Imeondoka sasa hivi, imeelekea Matambarale."