Ombi la Kubaki Kijana

Zachariah Omwenga,
Mwenyekiti, Umoja wa Vijana wa Ekerenyo,
Ekerenyo, kwa njia ya Nyamira.
Machi, 1973.

Kwa Bwana Afisa wa Vijana wa Wilaya,
Kisii.

Bwana Afisa mpendwa,

KUH: KUONDOLEWA KATIKA UJANA BILA KOSA LOLOTE

Kwanza nakujulia hali, wewe na watu wote wa ofisi yako. Sisi huku tu wazima, mvua imeanza, chai inachumwa, na migomba imebeba mpaka inategemezwa kwa miti. Mtu pekee asiye mzima ni mimi, na ugonjwa wangu umetoka ofisini kwako.

Nimeusoma waraka wako ulioletwa na chifu. Unasema kwamba kuanzia Julai kila kikundi cha vijana kiongozwe na kijana, na kwamba kijana ni mtu ambaye hajapita miaka thelathini. Niliusoma mara ya kwanza nikicheka, nikidhani karani wako ameruka mstari. Mara ya pili sikucheka. Mimi ni mwenyekiti wa vijana hapa tangu mwaka wa 1964, na mke wangu Kwamboka ni shahidi kwamba sijakosa mkutano hata mmoja, hata ule wa siku aliyojifungua kitinda mimba wetu. Jambo hilo hulikumbuka mara kwa mara bila kuulizwa. Basi nakuandikia kwa heshima zote, nikiyapanga malalamiko yangu kwa namba ili usichoke.

1. Kuhusu miaka. Najua wewe ni mtu wa Taita na hujakaa nasi sana, kwa hiyo sikulaumu. Kwetu Gusii ujana haupimwi kwa miaka. Miaka ni kazi ya Mungu na ya makarani. Mwanamume akishatahiriwa huitwa omomura, yaani kijana, na huwa omomura mpaka amwoze mtoto wake wa kwanza. Hapo ndipo huitwa omogaka, mzee, akapewa kigoda, na watu wakaanza kunyamaza anapokohoa. Sasa, mtoto wangu wa kwanza ni Nyanchera. Ana miaka ishirini na miwili, anashona nguo vizuri kuliko fundi yeyote wa hapa sokoni, ana adabu, na hajaolewa. Kwa hiyo, kwa sheria ya baba zetu, mimi ni kijana kamili.

Naomba utambue kwamba hali hii haikuja yenyewe. Nimeifanyia kazi. Wachumba wamefika hapa kwangu kutoka Birongo mpaka Masimba, nikamkataa mmoja kwa sababu ya meno, mwingine kwa sababu ya mama yake, na mwalimu mmoja mpole kabisa kwa sababu ya mwandiko. Kuna viongozi wa vijana waliojitolea kiasi hicho katika wilaya hii? Nitajie mmoja.

2. Kuhusu mpango wa kazi ya vijana, ambao waraka wako unataka kuuvuruga. Hapa Ekerenyo vijana wamepangwa vizuri sana. Serikali ina kamati ya vijana, baraza lina kamati ya vijana, chama kina kamati ya vijana, na kanisa lina kamati ya vijana. Vijana wenyewe ni walewale, ila kamati ni nne, na katika zote nne mwenyekiti ni mimi. Akija mgeni wa Serikali tunaimba wimbo wa taifa, akija wa kanisa tunaimba wa kanisani, na vijana wanajua kubadilisha bila kuambiwa. Kwa hiyo kila kijana wetu ana kamati nne za kumwangalia. Ni kweli kwamba hana kazi. Lakini anaangaliwa.

3. Kuhusu Ishmael Ongeri. Huyu ni kijana wa miaka ishirini na sita, aliyerudi mwaka jana kutoka Huduma ya Vijana kwa Taifa, ambako alijifunza useremala na kuamka mapema. Tulimpa ukatibu kwa sababu ana baiskeli. Kumbe tumekaribisha siafu nyumbani. Katika mkutano wake wa kwanza aliuliza liko wapi sanduku la vifaa ambalo Serikali ilitupa mwaka wa 1969. Nilimweleza kwamba liko salama chini ya kitanda changu, na kwamba kila Krismasi hulifungua, nikavipaka vifaa mafuta, nikalifunga. Hakuna kikundi katika Nyanza nzima chenye misumeno mipya kama yetu ya mwaka wa 1969.

Ongeri akasimama mbele ya watu wote akasema, “Mzee, kijana hahitaji kamati nne. Anahitaji randa moja.” Vijana wakapiga makofi. Nami kwa mazoea nikapiga makofi pamoja nao, kabla sijaelewa.

Leo sanduku liko chini ya banda karibu na soko. Wanatengeneza madawati ya shule, milango, hata kitanda cha mama mmoja mjane. Randa ina vumbi la mbao. Msumeno umepoteza meno mawili. Vifaa nilivyovilinda miaka yote hiyo vinaisha kwa kutumiwa, Bwana Afisa, na hakuna anayelia isipokuwa mimi.

4. Ameniita “Mzee”. Rejea namba 3. Nataka jambo hili lisimame peke yake.

5. Kuhusu mpira. Hapa naomba usome polepole, maana ndipo ulipo moyo wa barua.

Tangu Umoja wetu uanzishwe, golikipa ni mimi. Kwa miaka tisa hatukuwa tumefungwa katika uwanja wa nyumbani, na sifa hiyo imefika hadi Kisii mjini. Siri yake si mikono yangu. Kwetu kuna kitu kinachoitwa chinsoni. Ni heshima iliyochanganyika na haya. Mtu aliyetahiriwa pamoja na baba yako ni baba yako, na humkaribii ovyo, humgusi, wala humpigi na kitu. Sasa fikiria kijana wa Birongo anakuja na mpira mguuni, amewapita mabeki wote, anainua macho, na golini anamwona baba yake amevaa kaptura. Atafanya nini? Hupiga nje. Wengine hupiga nje na kuomba radhi. Mmoja aliwahi kunipa mpira mkononi, akanisalimia na kuulizia ng'ombe wangu. Tumeshinda vikombe kwa njia hii.

Wewe ni msomi, na pengine umeshaona kwamba aya hii inagongana kidogo na namba 1. Usijali. Mtu anaweza kuwa kijana nyumbani kwake na baba uwanjani.

Mwezi jana, siku ya Jumapili, tulicheza na Birongo hao hao. Asubuhi yake alikuja kwangu mshenga, akala ndizi zangu na kunywa maziwa yangu, kisha akasema ametumwa na ukoo wa kina Ongeri kumposa Nyanchera kwa ajili ya Ishmael huyo huyo. Nilitafuta sababu ya kumkataa. Meno yake ni mazuri. Mama yake ni mtu wa sala. Mwandiko wake, kwa bahati mbaya, naujua, ndio unaoandika kumbukumbu za mikutano yetu. Nikasema nitajibu baadaye, nikaenda kuvaa kaptura.

Bwana Afisa, Ongeri ni beki wetu wa kati. Husimama mbele ya goli, hatua chache kutoka kwangu. Na mkwe, hata yule ambaye bado anaposa, ana chinsoni kubwa kuliko zote. Mtu na mkwewe hawagusani mwili, na hawaonani mapaja. Mpira wa Birongo ukaja, umepigwa na kijana aliyekuwa ameelekeza nje kwa adabu zote, ila aliteleza kwenye matope. Ukaja polepole. Ongeri alipaswa kurudi nyuma aukokoe, lakini nyuma yake nilikuwa mimi, akaogopa kunigonga. Akageuza uso, akasimama wima kama mtu aliye kanisani. Nami nilipaswa kuruka, lakini kaptura yangu ni fupi na mkwe yuko pale pale. Nikaishika kaptura kwa mikono yote miwili. Mpira ukapita katikati yetu ukaingia wavuni.

 Vijana wa Birongo wenyewe walikataa kushangilia. Yule aliyefunga alikuja nyumbani kwangu jioni na baba yake kuomba msamaha.

6. Hili si lalamiko, ila naliandika kwa sababu Kwamboka amelala na hawezi kunizuia. Kwamboka anasema ninang'ang'ania ujana kama kupe. Amenikasirikia, haniandalii maji ya kuoga tangu mshenga aondoke. Lakini hajaniuliza kwa nini. Mimi nilitahiriwa, na kabla sijazoea kuitwa kijana nikachukuliwa vitani, nikapelekwa Burma. Huko nilijifunza Kiswahili hiki ninachokuandikia, na kuchimba mashimo. Niliporudi, wenzangu walikuwa wameoa, ngoma zilikuwa zimekwisha, nikaoa na mimi, nikaanza kulima. Nilipokuwa na umri ule wa waraka wako, Bwana Afisa, hapakuwa na afisa wa vijana. Hapakuwa na mpira wala kamati. Ndipo uhuru ukaja, watu wa Serikali wakasimama hapa sokoni wakasema, “Vijana mko wapi?” Nilikuwa na miaka arobaini na ushee. Niliangalia kulia na kushoto, nikainua mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa.

7. Kutokana na hayo yote, naiomba Serikali ifanye mojawapo ya haya:

(a) Itambue ngazi mpya iitwayo Vijana Wakuu, kuanzia miaka arobaini na mitano bila kikomo. Viongozi wa ngazi hii ndio waongoze ngazi ya chini, kwa kuwa wameizoea.

(b) Ikishindikana, Ongeri apelekwe kujenga barabara kule Ziwa Rudolf. Nasikia bado ni ndefu.

(c) Ikishindikana, Serikali itoe cheti chenye mhuri kinachosema kwamba Ishmael Ongeri si mkwe wangu kila Jumapili kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na mbili jioni. Nje ya saa hizo anaweza kuwa mkwe wa kawaida.

(d) Ikishindikana hata hiyo, sheria za mpira zibadilishwe, golikipa aruhusiwe kuvaa suruali ndefu na koti.

Naamini ombi (c) ndilo rahisi, kwa sababu linahitaji mhuri tu, na mhuri unao.

Nisalimie mama watoto, umsalimie karani wako aliyeandika waraka (simtaji kwa ubaya), umsalimie askari wa mlangoni aliyewahi kunipa kiti, na vijana wote wa wilaya walio chini yako, wadogo kwa wakubwa. Nabaki mtiifu wako na kijana mwenzao,

Zachariah Omwenga,
Mwenyekiti.

Baada ya kutia sahihi: Bwana Afisa, asubuhi nilikuwa nimekaa nje nikibandika stempu, Nyanchera akaniletea chai. Akaiweka, lakini hakuondoka. Nikamwuliza kama ana neno.

Akasema, “Sina neno, Baba. Nimemwambia Ongeri angoje. Nimemwambia Baba bado hajamaliza ujana, akimaliza ataniambia.”

Hakusema kwa hasira, wala hakunicheka. Alisema kama mtu anayesema mvua bado. Kisha akarudi ndani, nikasikia cherehani ikianza. Nimepigwa risasi Burma, hapa begani, na sikuumia hivi. Ujana wangu ulipotea, ni kweli. Lakini nilikuwa nimeanza kula wa mtoto.

Nimempelekea mshenga habari kwamba ng'ombe wa mahari waje. Kwamboka amechemsha maji ya kuoga bila kuambiwa.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu si kweli, isipokuwa namba 6 na yale matope. Mimi ni mzee. Nadhani nimekuwa mzee tangu mwaka wa 1965, ila nilikuwa na mikutano mingi nikakosa nafasi ya kuona. Waraka wako ni mzuri sana, na ningekushauri uandike mwingine haraka, kwa sababu nimegundua kwamba kamati ya wazee wa lokesheni yetu inaongozwa na Obadiah Nyangau, mtu niliyemtangulia kutahiriwa. Wazee waongozwe na mzee. Siwezi kuelewa Serikali inaachaje mambo kama haya.

Harusi itakuwa Agosti, siku ya Jumapili, na wewe umealikwa, na watu wa Birongo pia. Baada ya chakula kutakuwa na mpira. Golini atasimama mtu mwingine. Kama Serikali ina kazi yoyote ndogo, hata ya kuhesabu viti, naomba inipangie saa hiyo.