Kiti cha Marehemu Shemeji Learco

Ulderico Frassoni,
Fundi vigae mstaafu,
Casalrovere.
Tarehe 9 Mei.

Kwa Ndugu Evaristo Gandolfi,
Mwenyekiti wa Chama cha Waendesha Baiskeli, Casalrovere.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MAUMIVU YA MAKALIO, NA OMBI LA KUMHAMISHA BIKIRA MARIA

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na umekaa. Mimi naiandika nimesimama, karatasi ikiwa juu ya kabati la vyombo, kwa sababu utakazozisoma hapa chini.

Kwanza nikuhakikishie kwamba sina ugomvi na mtu. Nimekuwa mwanachama kwa miaka thelathini na tatu, wala sijawahi kukosa safari yetu ya kila mwaka kwenda kwa Bikira Maria wa Spina Alta, kilomita mia moja na arobaini na moja, na ule mlima wa mwisho ukiwemo. Sikulalamika hata mwaka ule Padre Gaudenzio alipozibariki baiskeli zetu kwa maji mengi mpaka breki zangu zikakataa kushika hadi daraja la pili. Kwa hiyo ukiona mtu kama mimi amechukua kalamu, ujue maji yamemfika shingoni.

Malalamiko yangu yanahusu Ibara ya 11 ya katiba yetu. Wewe unaijua kwa moyo, lakini nainakili hapa ili Katibu asije akasema hakuelewa: "Mwanachama akifariki, kiti cha baiskeli yake kitarithiwa na yule aliyekuwa akiendesha nyuma yake, naye atakikalia mpaka Spina Alta bila kukiongeza, kukipunguza wala kukifunika. Kiti kikifika, jina la marehemu litasomwa mbele ya Bikira Maria na kuandikwa ukutani." Mwanzilishi wetu aliyeyaandika maneno hayo alikuwa mshona matandiko ya farasi. Kwa heshima zote, nadhani aliwajua farasi kuliko binadamu.

Kama ujuavyo, mimi niliendesha nyuma ya shemeji yangu Learco Bonzagni, mwoka mikate, kaka wa mke wangu Nerina. Learco alifariki majira ya baridi ya mwaka juzi, Mungu amlaze pema. Yeye amelazwa pema. Mimi ndiye sijui nikae wapi, na sababu ni hizi:

1. Umbo. Learco alikuwa na kilo mia moja na sita. Mimi nina kilo sitini na moja, funguo zikiwa mfukoni. Kwa miaka thelathini na moja alikikalia kiti kile cha ngozi mpaka ngozi ikamjua yeye peke yake. Pana bonde pale ambalo mimi naingia na nafasi inabaki, na bonde lenyewe limekwenda upande: kushoto kumezama, kulia kumeinuka. Ukikaa unateleza kushoto, mfupa wa kulia unabaki umening'inia ukingoni, na hapo bado hujafika hata kwenye duka la dawa la Bi Fosca. Kusema kweli, Ndugu Mwenyekiti, mimi sikalii kiti. Nakalia makalio ya mtu mwingine, na mwenyewe hayupo nimwombe asogee.

Alipokuwa hai nilimwuliza mara moja kwa nini anakaa upandeupande kama mwanamke aliyepakiwa kwenye pikipiki. Akageuka, akaniambia nifunge mdomo nisije nikameza inzi.

2. Mwaka jana. Sipendi kulizungumzia hili, lakini barua ya malalamiko isiyo na ukweli ni umbea tu. Nilikikalia kiti kile tangu kwenye chemchemi ya kijiji mpaka kilomita ya tisini na saba, kwenye kituo cha mafuta. Hapo nikashuka nikanywe maji, nikajaribu kupanda tena, mwili ukakataa. Si kwamba niliuamuru ukakataa kwa adabu. Ulikataa kama punda. Fundi Vasco akanipakia kwenye gari lake pamoja na baiskeli na mikate yenye soseji ya mortadela, nikafika Spina Alta nimelala kifudifudi.

Yakasomwa majina mawili ya marehemu wetu wa mwaka ule. La Learco halikusomwa. Nerina alikuwa amekuja kwa basi na wake wa wanachama wengine, ameshika maua. Alisubiri mpaka Padre alipofunga kitabu, halafu akayaweka maua yake kwa marehemu wa mtu mwingine. Nilirudi naye kwa basi, na njia nzima aliangalia dirishani. Ningefurahi kama angenitukana.

Nawe unajua katiba inavyosema: kiti kikishindwa kufika mara mbili, kinawekwa stoo pamoja na pampu mbovu na bendera iliyoliwa na nondo, na jina halisomwi milele. Safari ni baada ya wiki tatu. Hiyo ndiyo mara ya pili.

3. Tiba. Isije ikasemwa kwamba nimekaa nikilia tu. Nimejipaka mafuta ya Bi Fosca, ambayo yananukia mnanaa na yanawasha kama pilipili. Nimejipaka mafuta ya nguruwe. Nimevaa kaptula mbili za sponji, moja juu ya nyingine, nikashindwa kuinua mguu kupanda baiskeli. Nikakumbuka wazee walivyokuwa wakisimulia kwamba waendesha baiskeli wa zamani walikuwa wakiweka mnofu wa nyama mbichi ndani ya kaptula ili kulainisha njia. Nikaweka mnofu. Kwa kilomita kumi nilikuwa mfalme. Kuanzia ya kumi na moja nilifuatwa na mbwa watatu, na mmoja wao ni wa kwako. Nyama yenyewe niliirudisha nyumbani, na ninachoomba tu ni usimweleze Nerina kwa nini siku ile nilisema sina njaa.

4. Heshima yangu. Tangu nianze mazoezi na kiti hiki sikai. Kanisani nilisimama misa nzima, mahubiri yakiwemo, na Padre Gaudenzio akanisifu kutoka madhabahuni kama mfano wa unyenyekevu. Sasa siwezi kukaa tena hata nikipona, maana vikongwe wote wananitazama. Pale baa nacheza karata nimesimama, na wenzangu wanadai nachungulia za kwao. Ni kweli ninaziona, lakini si kwa kupenda. Kwenye ubatizo wa mjukuu wa dada yangu nililia nikiwa nimembeba mtoto, watu wote wakaguswa sana. Nilikuwa nimeegemea mkono wa kiti.

5. Kishawishi. Vasco ana dukani kwake kiti kipya cha sponji, kina tundu katikati na mshono wa kijani. Akaniambia nikijaribu tu, kujaribu si dhambi. Nikakaa. Ndugu Mwenyekiti, nilikaa pale dakika arobaini, baiskeli imefungwa kwenye stendi, na wateja wawili wakaniuliza bei ya tairi wakidhani nimeajiriwa. Nilipomwomba Katibu ruhusa ya kukitumia, alinisomea Ibara ya 11 kwa sauti na kunishauri nivumilie. Yeye hajawahi kurithi kiti cha mtu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Baada ya kuyaeleza hayo, naomba Kamati ichague moja kati ya njia mbili zifuatazo, ambazo nimezitafakari kwa utulivu, nikiwa nimesimama.

Njia ya kwanza: Kamati itamke kwamba kwa miaka thelathini na moja mimi niliendesha mbele na Learco nyuma. Hapo sitakuwa mrithi wake, na kiti kitamwangukia mtu mwenye nyama zaidi. Najua itakuwa vigumu kuwapata mashahidi, kwa sababu bonde zima lilituona. Lile pande la mtu lilinikinga upepo miaka yote hiyo, nami nikijificha nyuma yake kama kuku nyuma ya banda, na kila baada ya dakika mbili aligeuka kunicheka. Lakini watu husahau, na mvinyo husaidia kusahau.

Njia ya pili, ambayo ndiyo naipendelea: ahamishwe Bikira Maria. Tafadhali usiitupe barua, nisikilize kwanza. Katiba inataka kiti kifike kwa Bikira Maria. Haisemi popote kwamba lazima Bikira Maria awe Spina Alta. Sanamu yake ni ya mti, urefu wake unafika kifuani kwangu, na inaingia kwenye gari la Vasco ukitoa kreti moja ya vinywaji. Napendekeza ahamishiwe kilomita ya tisini na saba, kwenye kituo cha mafuta. Pana kivuli, pana choo safi, na mwenye kituo ni mtu wa dini, nimeona ana picha ya Mtakatifu Antoni juu ya mashine ya kahawa. Kule juu Mama wa Watu anapigwa na ukungu miezi saba, hana anayemtembelea isipokuwa mbuzi na sisi. Kituoni ataombwa mchana kutwa, hasa na wenye malori.

Kama Askofu ataona ugumu, basi ahamishwe kwa siku moja tu. Na kama hata siku moja ni nyingi, ateremshwe nusu ya mlima, nami nitajitahidi kwa sehemu iliyobaki. Nimeshindwa kumfikisha Learco kwa Bikira Maria, Ndugu Mwenyekiti. Sasa naomba yeye amfuate Learco.

Nitashukuru nikipata jibu kabla ya safari. Nisalimie mkeo Bi Iolanda na umwambie goti lake aliepushe na baridi. Msalimie Katibu, hata yeye. Wasalimie wajumbe wote, na Padre Gaudenzio, ila sehemu ya Bikira Maria umsomee akiwa ameshakula.

Ni mimi mwanachama wako mtiifu, niliyesimama,

Ulderico Frassoni

TANBIHI

Ndugu Mwenyekiti, barua hii nilikuwa naileta kwako mwenyewe leo asubuhi kwa baiskeli, nikiwa nimekalia kiti hicho hicho, ili ukinipokea mlangoni uone ushahidi. Nerina akasema tutakwenda wote, anataka mboga ya asparaga kwa mkulima wa pale karibu na kwako. Akachukua baiskeli yake ya sokoni, ile yenye kikapu, akanifuata.

Tulipopanda tuta la mto, upepo ukatupiga usoni. Nerina ana miaka sitini na sita na pumzi zake si kama za zamani, nikaogopa asije akaachwa. Nikageukia kushoto kumtazama. Maumivu yakakoma.

Nikatazama mbele, yakarudi. Nikageuka tena, yakakoma tena. Mfupa wa kulia uliteremka wenyewe, wa kushoto ukaingia bondeni, na kiti chote kikanishika vizuri kuliko kile cha dukani kwa Vasco. Nilifanya hivyo labda mara kumi, mpaka Nerina akanipigia kengele na kuuliza nina nini, mbona nacheza kama kuku anayekunywa maji. Tukasimama pale juu ya tuta, nikamweleza.

Aliinama akaupitisha mkono juu ya ile ngozi, pale palipozama. Akasema, "Kwani hukujua? Learco kila akirudi kutoka safarini shingo ilikuwa imekaza, mama akawa anamkanda kwa mafuta. Tukimcheka, anasema: yule mume wa Nerina nikiacha kumwangalia dakika mbili atalala mtaroni."

Basi nikakaa chini kwenye majani ya tuta. Ndiyo, nilikaa. Miaka thelathini na moja nilidhani ananicheka. Nerina akakaa nami, tukalia kidogo, halafu tukaenda kununua asparaga.

Kwa hiyo naomba uichane barua yote iliyotangulia, kuanzia namba moja mpaka namba tano, na zile njia mbili pia. Bikira Maria abaki alipo. Kile kiti cha sponji Vasco amwuzie mtu mwingine. Mimi nitakuja na kiti cha shemeji yangu, na kitafika.

Lakini hakifai kwa mtu anayetazama mbele tu. Lazima awepo mtu wa kuangaliwa, tena awe mwepesi wa kuachwa, la sivyo nitaumia. Nimewapitisha wanachama wote kichwani, nikaona kwamba tangu upasuaji wako wewe ndiye wa mwisho kila Jumapili, na hakuna anayegeuka. Safari hii uendeshe nyuma yangu. Najua Ibara ya 11 unaijua kwa moyo, na unajua maana yake ni kwamba siku moja kiti hiki kitakuwa chako. Pole sana.

Tukutane kwenye chemchemi saa kumi na moja alfajiri. Ukichoka usiseme kitu. Nitakuwa nageuka.